Ulitoka na Ngapi?

Siku mwenyekiti wa bodi aliponiambia kwamba hawanihitaji tena, nilianza kwa kumwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi."

Ndivyo tulivyolelewa. Hata anayekufukuza kazi unampa shikamoo yake kwanza, naye anaipokea kwa raha zote, halafu anakufukuza. Nikiikumbuka asubuhi ile, naijutia ile shikamoo kuliko neno lolote kali nililokuja kulitamka baadaye.

Nilikuwa meneja mkuu wa kiwanda kidogo cha kukausha mboga na viungo, pale Morogoro mjini. Nilikikuta kikiwa banda lenye mashine mbili, moja mbovu. Miaka tisa baadaye tulikuwa tunachukua tangawizi, mdalasini na pilipili manga kutoka vijiji vya milimani, nyanya na vitunguu kutoka Mlali, na mizigo yetu ilikuwa inavuka mpaka. Kisha wakaja wanahisa wapya kutoka Dar es Salaam, wakanunua sehemu kubwa ya kampuni, na kama ilivyo kwa mwenye nyumba mpya, wakataka kupanga vyombo vyao wenyewe. Hilo nililielewa. Kilichonichoma ni mkono wa kwaheri: mshahara wa miezi mitatu, na hafla ya kuniaga yenye soda na pilau.

"Sisi hapa ni familia," mwenyekiti alisema. "Jambo hili tusilikuze. Kafikirie, utatupa jibu kwenye kikao cha bodi mwisho wa mwezi ujao."

Familia! Nilitoka ofisini kwake kwa hasira, nikaingia kwenye gari la kampuni, nikakaa muda mrefu bila kuliwasha. Nilikuwa na binti mwaka wa pili chuo kikuu, mama mzee mlimani, na umri ambao waajiri wakiuona kwenye karatasi wanakuita uje kwenye usaili kwa adabu tu. Miezi mitatu ingeisha kabla sijamaliza kuamini kwamba nimefukuzwa. Nikaapa palepale kwamba sitasaini mpaka nijue wenzangu waliokaa kwenye viti kama changu walitoka na nini.

Nilidhani kujua ni jambo rahisi. Usiku ule niliuliza mtandaoni kwenye simu: mameneja wakuu wanalipwa vipi wanapoondoka. Nikaletewa Wamarekani. Watu wanaondoka na hisa, na nyumba, na ndege ya kampuni kwa miaka kadhaa. Nilijiona nikiingia kwenye kikao nikiomba ndege, mwenyekiti wangu akianguka na kiti chake. Nikajaribu tena, nikapata wakurugenzi wa mabenki makubwa ya Dar. Kwa meneja wa kiwanda cha kukausha bamia Morogoro, hakuna aliyekuwa ameandika hata mstari. Jambo moja tu nililishika katika kusoma kule: wenzetu hao mambo ya kuondoka wanayapatana siku ya kuingia, kabla hawajakalia kiti.

Mimi siku ya kuingia ningeuliza nini? Kwetu ukiajiriwa halafu ukauliza utaondokaje, ni uchuro. Ni bibi harusi anayeuliza habari za talaka huku shela lipo kichwani. Watu wangeniangalia wakasema huyu ana mkosi, au ana kazi nyingine kibindoni. Kwa hiyo nilishukuru, nikasaini, tukapiga picha. Wote tunafanya hivyo, na waajiri wanajua kwamba tunafanya hivyo, na wananufaika nalo.

Nikaenda kwa mwanasheria, kijana mwenye ofisi ghorofani karibu na soko. Alinieleza vizuri, bila madoido. Sheria inatoa mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, na ukifika miaka kumi ndiyo mwisho wa kuhesabu. Kwa miaka yangu tisa ilikuwa haifiki hata miezi mitatu.

"Kwa hiyo wamenizidishia?" nilimuuliza, na moyo ukanilegea.

"Mama, hicho ni kiwango cha chini kabisa, hata mlinzi wa getini anakipata. Wewe ni meneja mkuu, na hawana kosa lolote la kukushika nalo. Wakikutoa bila sababu ukaenda kwenye usuluhishi, wanaweza kuamriwa wakulipe mengi kuliko hayo. Ila utasubiri. Hawa wapya hawapendi kesi, wanataka kuanza kazi haraka. Zungumza nao. Lakini uende ukijua wengine walipata nini, usiende na machozi."

Hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Sisi watu wa huku tunaambiana kila kitu. Mtu utakayekutana naye leo kwenye foleni ya benki atakueleza presha yake, sukari yake, na mume wake anakolala. Muulize mshahara wake, anaangalia pembeni kama umemvua nguo.

Nilianza na mama mmoja wa Mafiga ambaye aliwahi kuongoza kampuni ya kusambaza dawa. Tulikuwa tunafahamiana kwenye kamati za harusi. Alinipokea kwa chai ya tangawizi na chapati, akanisimulia upasuaji wake wa kizazi tangu sindano ya usingizi hadi nyuzi zilipotolewa. Nikaona hapa tumefika kwenye undugu, nikamuuliza taratibu: "Dada, wewe pale ulitoka na ngapi?"

Aliweka kikombe chini. "Mungu alinijalia."

"Alikujalia miezi mingapi?"

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Akainuka kufunga mlango wa jikoni, ingawa jikoni hapakuwa na mtu. "Mwenzangu, nilisaini kwamba sitasema. Wakisikia nimesema, wananidai zote. Hata mume wangu nimemwambia nusu."

Nilikwenda kwa wengine. Mmoja alinijibu kwamba riziki haihesabiwi. Mwingine, mwanaume niliyemsaidia kupata kazi ile ile aliyokuja kustaafu nayo, aliacha kupokea simu zangu. Nilichukia. Nasema wazi, nilichukia, na si kwa sababu walikuwa waoga tu. Nilichukia kwa sababu mwenyekiti wangu alikuwa amekaa kwenye bodi za kampuni nyingine pia, anajua fika nani alipewa nini, na mimi nilitakiwa nikakae mbele yake nikiwa sijui kitu. Yeye anacheza akiziona karata za wote, na mimi sijaonyeshwa hata za kwangu.

Nyumbani nako hakukuwa na msaada. Nilipanda mlimani kumwona mama, nikamkuta anapanga kabichi kwenye tenga. Niliposema miezi mitatu, akasimama.

"Miezi mitatu ya mshahara wako wewe? Bila kufanya kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Na unakataa?"

"Ninakataa."

"Mwanangu, wewe umerogwa." Akarudi kwenye kabichi zake. Kaka yangu, aliyekuwa amekaa kizingitini, akaongeza kwamba mwanamke akigombana na mabosi hakuna atakayemwajiri tena. Nilimuuliza yeye amewahi kuajiriwa na nani.

Wiki iliyofuata mjomba wangu, kaka yake mama, alifariki kule Mlali. Nilimpenda sana. Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu yako. Wa kwangu sauti yake aliitumia kunipeleka shule wakati wengine walitaka niolewe. Nilikwenda kuzika nikiwa nimesahau kabisa habari za bodi.

Kila ukoo kwetu una ukoo wa watani wake, na msibani watani ndio wenye shamba. Wafiwa wanalia, wao wanafanya vituko. Wanaiga mwendo wa marehemu, wanawanyang'anya ndugu kanga na viatu, wanazuia mazishi mpaka walipwe. Huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika ndiyo umewapa karamu.

Siku ile jeneza lilipofika makaburini, tukakuta mtani mmoja amelala ndani ya kaburi, amejinyoosha, mikono kifuani. Halikuwa jambo geni. Kilichonishtua ni kwamba alikuwa mzee niliyemjua kwa suti zake, meneja mkuu mstaafu wa kiwanda kimoja cha pale mjini, mtu ambaye kwa wiki mbili nilikuwa natafuta ujasiri wa kwenda kumgongea mlango. Sasa alikuwa chini ya miguu yangu, suruali ya kitambaa imejaa udongo mwekundu, anapiga kelele.

"Hazikwi mtu hapa! Nyumba hii nimeshapanga mimi! Yule meneja wa bamia yuko wapi? Alete laki moja, la sivyo marehemu mrudi naye nyumbani akawapikie!"

Watu wakacheka, hata mjane alificha uso kwenye kanga akicheka. Macho yote yakaja kwangu. Machozi yalikuwa bado hayajakauka, na ndani ya machozi hayo ile hasira ya mwezi mzima ikapanda yenyewe. Nikasogea ukingoni.

"Laki unayo wewe, mtani! Uliiba pale kiwandani mpaka wakakulipa uondoke! Hebu waambie watu, ulitoka na ngapi?"

Makaburi yote yalilipuka kwa kicheko. Na yeye, akiwa chalichali vilevile, akainua mkono juu kama mhubiri.

"Miezi kumi na minne! Na bima ya matibabu mimi na mke wangu mwaka mzima! Na gari, lile pale chini ya mti, mnaliona? Mnakufa kwa wivu nyie, maskini wa Mungu! Lete laki!"

Nilimpa elfu ishirini, akatoka, tukamzika mjomba.

Hakuna aliyemwamini. Kila mtu alichukulia ni maneno ya mtani, kama anavyoweza kusema ana wake arobaini. Mimi nililitazama lile gari. Nikakumbuka nilikuwa naliona miaka ya nyuma likiwa na nembo ya kampuni ubavuni.

Baada ya mazishi alinifuata nikiwa nanawa mikono. Alikuwa ameshajipangusa, amerudi kuwa mzee mwenye heshima zake.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Nasikia wanakutoa." Akanawa na yeye. "Nilichosema kule ndani ni kweli. Ungeniuliza sebuleni kwangu nisingekujibu. Nimesaini. Lakini mtani akiuliza msibani, mimi nitafanyaje?"

Nilirudi mjini nikiwa mtu mwingine. Nilichukua muda kuwafikiria watu wote niliowahi kuwajua kwenye viti vikubwa vya mkoa ule, na safari hii sikujiuliza nani ni rafiki yangu. Nilijiuliza nani ni mtani wangu. Waligeuka kuwa wengi kuliko nilivyodhani. Mmoja nilimvizia kwenye arobaini ya baba yake, nikamnyang'anya kofia, nikamwambia simrudishii mpaka ataje. Mwingine nilimpigia simu nikamtukana kwa nusu saa, akanitukana, katikati ya matusi akanitajia alichopewa. Wa tatu alikuwa mwanamke, alinitajia huku akidai nimletee kuku kwa fidia, na kuku nilimpelekea. Pamoja na yule mzee wa kaburini walikuwa wanne. Aliyepata kidogo kabisa kati yao, ambaye kampuni yake ilikuwa ndogo kuliko yetu, alitoka na miezi tisa.

Miezi tisa! Na mimi nilikuwa nimelegea moyo kwa mwanasheria, nikidhani nimezidishiwa.

Siku ya kikao nilivaa gauni langu la kitenge lililokaa vizuri kuliko yote. Walikuwa wamejaa: mwenyekiti, wajumbe, mwanasheria wa kampuni, na mwakilishi wa wanahisa wapya, mwanaume wa makamo aliyekuwa haongei sana. Niliwaamkia, kwa sababu mazoea ni mazoea. Kisha nikasema ninachotaka. Mshahara wa miezi kumi na miwili. Bima ya afya mwaka mmoja kwangu na kwa binti yangu. Barua itakayosema kwamba kiwanda nilikipokea kikiwa banda.

Mwenyekiti alitabasamu kwa huruma. "Mwanangu, huo ni utaratibu wa huko Ulaya. Hapa kwetu Morogoro hakuna meneja aliyewahi kupewa hivyo."

"Wapo, mzee. Ninawajua wanne."

"Wanne wapi?"

"Hapahapa. Mmoja alipewa miezi kumi na minne na gari. Kampuni ile wewe ulikuwa kwenye bodi yake. Ulisaini wewe."

Tabasamu likaondoka. Alinitazama, akamtazama mwanasheria wa kampuni, akanirudia mimi.

"Nani amekwambia?"

"Watani zangu."

"Haya si mambo ya utani!"

"Kwenu siyo, mzee. Kwetu ndiyo. Ukitaka kuwajua, njoo siku moja tuzike wote."

Mwakilishi wa wanahisa aliinama kuficha kicheko. Akauliza kwa upole: nisipopewa hayo, nitafanya nini. Nikamwambia ukweli. Nitakwenda kwenye usuluhishi, sina haraka, chakula kipo, mama yangu analima kabichi. Na wakati kesi inaendelea nitakuwa nashinda vijijini kwa wakulima ninaowajua kwa majina ya watoto wao, nikiwasalimia. Alielewa kwamba tangawizi ya kampuni yake ilikuwa bado shambani.

Walinitoa nje. Nilisubiri koridoni. Waliponiita tena, mwanasheria wa kampuni akasoma: miezi kumi na miwili, bima, barua. Nilitaka kupiga kigelegele. Kisha akasoma kifungu cha mwisho, kwa haraka, kama mtu anayesoma tarehe. Mhusika hatamtajia mtu yeyote, kwa mdomo wala kwa maandishi, kiasi alicholipwa wala masharti ya makubaliano haya, na akikiuka atarudisha zote.

"Hicho kitoeni," nilisema.

"Ni kifungu cha kawaida tu," mwanasheria alisema.

"Najua ni cha kawaida. Ndiyo maana nasema kitoeni."

Mwenyekiti akapiga meza. Kwamba nimepewa kila nilichoomba, kwamba sina shukrani, kwamba hata yeye ana kifungu kama hicho. Mwakilishi alimtuliza kwa mkono. Akaniambia bila kuzunguka: pamoja na kifungu hicho ni miezi kumi na miwili, bila kifungu ni kumi. Nichague.

Sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Miezi miwili ile ilikuwa ada ya binti yangu na chenji. Nilimwona mama akisimama kando ya tenga lake. Nilimwona kaka akicheka. Lakini nilimwona pia yule mama wa Mafiga akiinuka kufunga mlango wa jikoni kwake mwenyewe, mwanamke mzima, aliyeongoza watu, anaogopa kuta za nyumba aliyoijenga. Nikaona nikichukua ile miwili, wa kufunga mlango sasa nitakuwa mimi.

"Kumi," nilisema.

Walinitazama kama nimesema kwa Kichina. Wakachapa upya, nikasoma kila mstari, nikasaini. Mwenyekiti hakunipa mkono, na mimi sikumpa shikamoo ya kuondokea. Hafla ya soda na pilau haikufanyika.

Mama hakuongea na mimi kwa muda. Kaka alitangaza kijiji kizima kwamba nimetupa hela ya miezi miwili kwa sababu ya mdomo. Ni kweli, nimezitupa, na nilizitupa kwa hasira, na hasira hiyo mpaka leo ninayo na inanifaa. Ada tuliipata kwa kuuza kiwanja. Binti yangu alinuna, kisha akaacha kununa.

Miezi michache baadaye, nikiwa jikoni napika maharage, simu iliita kwa namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, ya chini sana, kama anaongea akiwa amejifunika shuka.

"Shikamoo dada. Samahani sana. Mimi ndiye niliyechukuliwa kushika nafasi yako pale kiwandani. Wamenipa mkataba, nausaini kesho." Akasita. "Najua haiulizwi."

"Uliza."

"Wewe ulikuwa unalipwa shilingi ngapi?"

"Kwanza niambie wewe wamekuandikia ngapi."

"Milioni tatu na nusu. Habari za kuondoka hazimo. Niliogopa kuuliza."

"Usisaini," nilimwambia. "Mimi nilikuwa nalipwa milioni nne na laki mbili kwa mwezi, na nimetoka na miezi kumi. Kesho kawaambie hivyohivyo, na wakikuuliza umeyajuaje, waambie nimekwambia mimi."